Uzi: Namna ya kuchagua filta ya oili ya gari, na kwa nini uipasue ya zamani kabla hujaitupa

Mzee wa NCP61 (mleta uzi)

Wakuu, habari za leo.

Uzi huu nauandikia watu kama mimi: una gari, si fundi, na kila ukikaribia kumwaga oili unasimama kaunta ya duka la spea unaulizwa, "Filta unataka ya shilingi ngapi?" Swali hilo ndilo linalotuponza wengi. Ukishaanza kujibu kwa bei, unapewa chochote kilichopo.

Nianze na lililonikuta. Gari yangu ni IST, chesisi NCP61, injini 1NZ. Mwaka jana nilimwaga oili jioni kwenye gereji moja hapa Dar, kesho yake alfajiri nikatoka na familia kwenda Morogoro. Tumeipita Chalinze kidogo, taa nyekundu ya oili ikapepesa kwenye kona, ikazima, halafu ikawaka moja kwa moja. Nikaweka gari pembeni na kuzima injini papo hapo. Nilipoinama, oili ilikuwa inachuruzika kama bomba la maji lililokatika, na nyuma yetu kwenye lami kulikuwa na mstari mweusi hadi macho yanapoishia. Fundi wa bodaboda aliyekuwa ng'ambo ya barabara akaja, akalala chini, akafungua filta na kunionyesha kitu ambacho sijakisahau: ringi mbili za mpira. Ringi ya filta ya zamani ilibaki imeganda kwenye bloku, na aliyenihudumia jana yake akafunga filta mpya juu yake bila kutazama. Mpira juu ya mpira haushiki. Injini ikishapata presha ya kutosha, mmoja unasukumwa nje na oili yote inafuata.

Filta yenyewe ilikuwa orijino. Injini ilipona kwa sababu tu niliizima mapema. Tangu siku hiyo filta zangu nafunga mwenyewe, na kila ninayoitoa naipasua.

Sasa tuingie ndani ya lile kopo. Geuza filta uangalie uso wake. Vile vitundu vidogo vya pembeni ndivyo oili chafu inakoingilia ikitoka kwenye pampu. Inapita kwenye karatasi yenye mikunjo, kutoka nje kwenda ndani, halafu inatoka ikiwa safi kupitia tundu kubwa la katikati lenye thredi na kwenda kwenye beringi za krenki, yaani vipande laini ambavyo mhimili mkuu wa injini unazungukia. Nyuma ya vile vitundu vidogo kuna kipande cha mpira mwembamba. Kazi yake ni kuzuia oili isirudi kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ukizima gari. Mpira huu ukiwa mbovu, filta inakauka usiku, na asubuhi injini inazunguka sekunde mbili tatu kavu huku pampu ikianza upya kujaza kopo. Ule mlio wa kugongagonga unaousikia ukiwasha, ambao unapotea taa ya oili ikizimika, mara nyingi unaanzia hapo. Kama kwenye gari lako filta imelala ubavu au imekaa mdomo ukiangalia chini, kama Subaru Forester zenye injini ya FB ambazo filta iko juu kabisa, mpira huu ndio kitu cha kwanza cha kukagua. Wa silikoni, ambao mara nyingi huwa wa rangi ya chungwa au nyekundu, unavumilia joto muda mrefu kuliko ule mweusi wa nitrili, unaokakamaa.

Kuna na valvu ya dharura, yenye springi. Wengi wanadhani filta ikiziba injini inakosa oili. Hapana. Valvu hii inafunguka presha ikizidi kiasi kwenye karatasi, kwa magari mengi tofauti ya presha isiyofika au inayokaribia baa 1, na kuruhusu oili ipite bila kuchujwa. Mtengenezaji aliona ni heri oili chafu kuliko kukosa oili. Maana yake ni kwamba filta iliyoziba haikupi taarifa yoyote. Gari linatembea vizuri kabisa huku mchanga na vumbi la chuma vinapita moja kwa moja kwenye beringi. Hata oili nzito kupita kiasi inaleta jambo hilohilo. Ukiweka 20W-50 kwenye injini iliyotengenezwa kwa 5W-30, kisha ukaiwasha asubuhi ya baridi ya Makete, karatasi haipitishi kwa kasi inayotakiwa, valvu inafunguka, na dakika za mwanzo unatembea kama huna filta.

Nilinunua filta mbili za namba moja kutoka maduka mawili, tofauti ya bei elfu kumi tu, nikazipasua zote zikiwa mpya, mezani, juu ya gazeti. Ya kwanza karatasi yake ilikuwa nene, mikunjo imesogeleana na kupangana sawasawa mzunguko mzima, mshono umeshikwa na kipande cha bati. Ya pili mikunjo ilikuwa michache, sehemu moja imebanana na sehemu nyingine imeachana hadi kidole gumba kinapita. Mshono wa karatasi ulikuwa wa gundi, na kwa upande mmoja gundi haikufika mwisho: niliingiza ukucha ukapita. Oili ikikutana na upenyo kama huo haihangaiki na karatasi. Mpira wa kuzuia oili isirudi ulikuwa mgumu kama soli ya kiatu. Kwa nje, filta hizi mbili zilifanana rangi, maandishi na hata boksi.

Ndiyo maana nasema anza na namba. IST yangu inatumia 90915-YZZE1 ya Toyota, ile inayokaa pia kwenye Vitz na Probox nyingi za injini hii. Wewe nenda dukani na namba ya chesisi yako, muuzaji atafute kwenye katalogi. Usikubali "hii inaingia zote". Naomba mnielewe hapa, maana ni jambo la hatari: filta kuingia si ushahidi kwamba ndiyo yake. Toyota hizi ndogo zina thredi ya inchi 3/4, yaani milimita 19.05. Honda na Nissan nyingi zina thredi ya milimita 20. Filta ya milimita 20 itaingia kwenye stadi (kile kipande chenye thredi kwenye bloku) ya inchi 3/4, itazunguka, na utahisi imekaza kwa sababu ringi imegusa bloku. Lakini thredi hazijashikana sawasawa. Siku presha ikipanda, ule mstari mweusi niliouona Chalinze utauona na wewe.

Halafu kagua ulichopewa kabla hujalipa. Mulika tochi ya simu kwenye tundu la katikati: thredi ziwe safi, bila mabaki ya chuma. Sukuma ule mpira kupitia vitundu vya pembeni kwa kitu butu kisafi, uone unabonyea na kurudi. Ringi ya nje ikae kwenye mfereji wake bila kuchezacheza. Nusa pia. Filta mpya hainuki oili iliyoungua. Mtaani kuna filta zilizotumika zinazosafishwa na kupigwa rangi upya, na ndiyo sababu ya kwangu nikishaipasua siiachi nzima, na boksi nalichana.

Kufunga: futa uso wa bloku kwa kitambaa kisafi, HAKIKISHA ringi ya zamani imetoka na filta yake, paka oili mpya kidogo kwenye ringi mpya, zungusha kwa mkono mpaka iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Kwa mkono. Spana ya filta ni ya kufungulia. Washa gari, subiri taa izime, chungulia chini, zima, pima oili upya.

Karibuni kwa michango, hasa nyie mnaoendesha malori. Huko sina uzoefu wa mikono yangu.

---

MamaPremio

Ahsante sana kaka kwa somo. Swali langu: fundi wangu huwa ananiambia filta nibadili mara moja kila nikimwaga oili mara mbili, eti bado inakuwa nzima. Ni sahihi? Na Premio yangu ya 1.8 haina kopo la kuzungusha, kuna kama kifuniko cheusi cha plastiki chini.

---

Mzee wa NCP61

Dada, badilisha kila unapomwaga oili. Nikupe hesabu ya gari yangu: kitabu kinasema lita 3.7 ukibadili na filta, lita 3.4 usipoibadili. Hiyo lita 0.3 iliyobaki ni oili nyeusi iliyokaa ndani ya filta ya zamani, na inachanganyika na oili yako mpya dakika ileile ya kwanza unapowasha. Umenunua oili ya bei halafu umeichafua kabla gari halijatoka gereji.

Premio yako, kama injini ni 2ZR, inatumia ile ya karatasi tupu isiyo na kopo, 04152-YZZA6. Noah na Voxy za 3ZR nazo ni hiyohiyo. Faida yake ni kwamba karatasi unaiona kwa macho kabla ya kununua, kwa hiyo mikunjo iliyolala huwezi kufichwa. Hasara yake ni kile kifuniko cha plastiki. Kinatakiwa kukazwa kwa nyutoni mita 25 tu, na mara nyingi kimeandikwa hivyo chini yake. Akikikaza mtu mwenye hasira, kinapasuka. Ndani ya boksi lazima kuwe na o-ringi mpya, kubwa ya kifuniko na ndogo ya kizibo cha kumwagia. Fundi akikurudishia ile o-ringi kubwa ikiwa bado iko kwenye nailoni, ujue ya zamani ndiyo imerudishwa kazini. Mwambie afungue tena, mbele yako.

---

Grogan_Kijana

Salamu kutoka Nairobi. Mimi nauza spea Kirinyaga Road, wazee bado wanaiita Grogan, kwa hivyo nitaongea kama mtu wa upande wa pili wa kaunta.

Mleta uzi amesema ukweli kuhusu bei. Mteja akija na namba ya chesisi namheshimu na ananunua haraka. Mteja akija na "nipe ya bei poa" atapata ya bei poa. Hata hivyo nisiache ionekane kwamba isiyo ya Toyota ni feki. Hapana. Kuna kampuni zinazotengeneza filta kwa jina lao na ni nzuri sana: VIC ya Japani, Sakura ya Indonesia, Mann na Mahle za Ujerumani, Denso. Feki ni ile inayovaa jina la mwingine. Mimi binafsi heri nikuuzie Sakura ya kweli kuliko boksi la Toyota ambalo sijui limetoka wapi.

Jambo lingine, watu wanauliza sana mikroni, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwenye boksi utaona "mikroni 20" na unafurahi. Namba hiyo peke yake haikwambii kitu. Filta inaweza kushika nusu tu ya chembe za mikroni 20 na bado ikaandikwa mikroni 20. Unachotaka ni namba mbili pamoja: ukubwa wa chembe na asilimia inayonaswa, kwa mfano asilimia 99 kwa mikroni 20, iliyopimwa kwa kipimo cha ISO 4548-12. Unywele wa mtu ni kama mikroni 70, ili ujue tunaongea vitu vidogo namna gani. Na nafasi kati ya krenki na beringi yake ni mikroni makumi machache tu, kwa hivyo chembe za ukubwa huo ndizo zinazosaga.

Na tafadhali, msioshe filta ya karatasi kwa petroli mkairudisha. Naona watu wanafanya. Karatasi inalegea, gundi inaachia, na uchafu ulioshikwa ndani ya nyuzi hautoki.

---

KantaMzigo

Wakuu mimi ni wa Canter, nabeba vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni kuja Dar. Dizeli inaweka oili nyeusi siku ya pili tu baada ya kumwaga. Je, ina maana filta haifanyi kazi? Nimebadilisha aina tatu mwaka huu, zote oili inakuwa nyeusi vilevile.

---

Dereva wa Scania

Nikusaidie hapo bwana Kanta. Weusi ule ni masizi ya dizeli, na chembe zake ni ndogo sana, nyingi hazifiki mikroni 1. Hakuna filta ya kawaida ya injini itakayoyashika yote. Oili yenyewe imewekewa dawa ya kuyabeba yaelee yasigandane, ndiyo maana ukaambiwa utumie oili ya dizeli. Kwa hiyo rangi isikufanye uilaumu filta. Ilaumu ukikuta punje, au oili nzito kama uji.

Malori makubwa yanatatua hili kwa njia ya pili. Kuna filta kuu inayopitisha oili yote, na pembeni kuna ya kuchuja taratibu, inayochukua sehemu ndogo ya oili, kuichuja laini zaidi na kuirudisha kwenye sampu. Nyingine zimeunganishwa kopo moja, kama Fleetguard LF9009 ya Cummins. Kwenye Scania kuna rota inayozungushwa na presha ya oili yenyewe, uchafu unatupwa pembeni na kuganda kwenye ukuta wake kama lami. Siku ya sevisi unaifungua unakwangua kwa kisu. Unene wa ule ukoko unakuambia kama umechelewa kumwaga oili. Nimeona magari ambayo watu wanabadilisha filta lakini rota haijawahi kufunguliwa, imejaa haizunguki kabisa.

La mwisho kwa wenye filta kubwa. Ukiwa na mazoea ya kuijaza oili kabla ya kuifunga, usimimine kwenye tundu la katikati. Lile ni upande wa oili safi. Chochote kilichokuwa kwenye galoni au kwenye mkono wako kinakwenda kwenye beringi bila kupita kwenye karatasi. Mimina kwa vitundu vya pembeni, taratibu, inywe.

---

MamaPremio

Kaka mleta uzi, nilirudi gereji na simu mkononi nikiwa nimefungua jibu lako. O-ringi ya kifuniko ilikuwa ya zamani, imekuwa bapa kabisa. Wamebadilisha. Nashukuru sana.

---

Mzee wa NCP61

Nimefurahi dada. Na Dereva wa Scania, hilo la tundu la katikati nililisoma mara mbili, sikuwa nalijua.

Niseme sasa juu ya kupasua, maana watu watatu wameniuliza faragha. Usitumie msumeno wa chuma. Msumeno unamwaga unga wa bati kwenye karatasi, halafu utalala hujui kama chuma ulichokiona ni cha injini au ni chako. Kuna kikata filta cha gurudumu, kinafanana na kile cha kukatia mabomba, ndicho kizuri. Kwanza toboa kopo upande wa juu uliache lichuruzike usiku kucha kwenye beseni, na hiyo oili ipeleke kwa wanaokusanya oili chafu, usiimwage mtaroni.

Ukishafungua, kata karatasi itoke nzima, ikunjue kama kodioni juani. Masizi na weusi ni kawaida. Vipande vidogo vyeusi vigumu ni oili iliyoungua, inasema umechelewa kumwaga au injini inapata joto. Vipande vya mpira au silikoni vinakuambia kuna mtu alipaka gasketi ya tyubu kwa wingi. Pitisha sumaku iliyofungwa kwenye nailoni: kinachonasa ni chuma, na unga mdogo sana unaweza kuwa wa kawaida, hasa kwa injini mpya au iliyotoka kufanyiwa ovaholi. Kinachonitisha mimi ni kinachong'aa na hakinasi kwenye sumaku. Kikiwa cheupe laini ni alumini, labda pistoni. Kikiwa na rangi ya shaba ni ile tabaka ya chini ya beringi za krenki, na ukiiona hiyo, tabaka ya juu imeshakwisha.

---

KantaMzigo

Nimepasua ya kwangu leo mchana kwa kikata cha jirani. Nimekunjua karatasi juu ya boneti kama ulivyosema. Masizi mengi. Kwenye mikunjo kuna vimetameta, si vingi, ukigeuza kwenye jua vina rangi kama ya senti ya zamani. Sumaku haikunasa hata kimoja. Gari linatembea vizuri, presha iko chini kidogo tu likipata moto, nilidhani ni oili nyepesi. Kesho nina mzigo wa Dar.

---

Dereva wa Scania

Usibebe huo mzigo bwana. Hiyo presha kushuka likipata moto na hiyo rangi ya shaba vinasema kitu kimoja. Ukishusha sampu sasa hivi, ukatoa kofia za beringi, huenda unabadilisha beringi peke yake na krenki inapona. Likinoki njiani, ni krenki, ni bloku, na ni vitunguu vya watu vinaozea Mikumi.

---

Mzee wa NCP61

Naungana naye. Mpigie mwenye mzigo leo hii, atafute gari jingine mapema. Na ile karatasi usiitupe, ifunge kwenye nailoni umpelekee fundi aione kwa macho yake kabla hajashika spana.

---

KantaMzigo

Nimempigia, amekasirika lakini amepata Fuso. Gari liko kwa fundi tangu saa kumi. Ameitazama karatasi, hakusema neno, akaenda kuleta jeki. Sampu inashuka kesho asubuhi, nitaweka picha za beringi hapa.